Kwa nini puti inajitokeza juu ya rangi mpya ya gari, na namna ya kuizuia

Swali: "Bodaboda iligonga mlango wa nyuma wa kushoto wa gari langu, Toyota IST ya rangi ya fedha. Fundi aliunyoosha mlango, akapiga puti na kupaka rangi mpya, na siku niliyolichukua gari mlango huo ulikuwa unang'aa kuliko mingine yote. Baada ya kama wiki tatu za kuegesha juani nikaanza kuona mchoro, kama ramani ya ziwa, hasa jioni mwanga ukija kwa ubavu. Nikipitisha kidole sihisi kitu, lakini macho yanaona. Fundi anasema rangi aliyouziwa dukani ilikuwa feki, na yuko tayari kuongeza mkono mmoja wa rangi bure. Je, nikubali? Fenda ya mbele nayo imebonyea na bado sijaipeleka gereji. Nifanyeje ili jambo hili lisijirudie?"

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa huenda fundi anasubiri jibu. Usikubali kuongezewa mkono wa rangi juu ya ule uliopo. Naamini anakutakia mema, na fundi anayejitolea kurudia kazi bila malipo anastahili heshima, lakini dawa anayoitoa haifiki ulipo ugonjwa, na kwa sababu nitakazoeleza inaweza hata kuuzidisha.

Kuhusu rangi kuwa feki, ni kweli kwamba rangi mbovu zipo sokoni, na mafundi wengi wameumizwa nazo. Hata hivyo rangi mbovu ingeharibu mlango mzima, kuanzia chini ya kioo hadi ukingo wa chini, kwa sababu mlango mzima ulipuliziwa kutoka kopo moja. Wewe unaona mchoro wenye mwanzo na mwisho, na naamini ukiupima utakuta unazunguka palepale palipobonyea. Huo ni ukingo wa puti, ule uji mzito unaopakwa kusawazisha bonyeo kisha ukaganda. Wala usihitimishe kwamba kosa lilikuwa kutumia puti, kama wanavyosema baadhi ya watu wanaotaka kila kitu kinyooshwe kwa nyundo mpaka bati lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Puti hutumika hata katika gereji bora kabisa, na ikiwekwa vizuri hudumu miaka mingi bila mtu yeyote kujua kwamba ipo.

Ili uelewe kilichotokea, fikiria mlango huo umekatwa na wewe unautazama kwa ubavu. Chini kabisa kuna bati. Juu yake, pembeni mwa bonyeo, kuna rangi ya kiwandani ambayo fundi aliisugua ikakonda taratibu mpaka ikaisha. Katikati kuna puti, nayo imesuguliwa kingo zake zikakonda mpaka zikapanda kidogo juu ya ile rangi ya zamani. Kwa hiyo ndani ya upana wa sentimita moja au mbili vinakutana vitu vitatu vyenye tabia tofauti kabisa: bati lisilonyonya chochote, rangi ya zamani inayonyonya kidogo, na puti inayonyonya sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya puti ni unga wa madini, hasa talki, ulioshikamanishwa na gundi ya poliesta. Ukichukua puti iliyoganda, ukaisugua na kudondoshea tone la thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, utaona kwa macho jinsi tone linavyozama na kuacha doa jeusi, ilhali juu ya bati tupu tone hilohilo litatambaa na kuruka hewani bila kuacha alama.

Sasa praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, inapopuliziwa juu ya puti, thina iliyomo inaingia kwenye puti na kwenye ncha nyembamba za rangi ya zamani, na sehemu hizo zinavimba. Uvimbe wenyewe ni mdogo kiasi kwamba hakuna kidole kitakachoutambua. Saa moja au mbili baadaye praima inaonekana kavu, fundi anachukua msasa na kusugua mpaka uso unalingana. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa sababu amelinganisha uso ambao ulikuwa bado umevimba. Thina iliyobaki ndani inaendelea kutoka polepole, kwa siku na hata kwa wiki, na jua linaiharakisha. Kadiri inavyotoka, sehemu zilizovimba zinanywea, nazo zinanywea kwa viwango tofauti, kila moja kwa kiasi cha thina iliyokuwa imeimeza. Rangi na klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ni nyembamba mno kuweza kusimama zenyewe. Zinafuata kilicho chini yake. Wiki tatu ulizozitaja zinalingana kabisa na mwenendo huu, na ndiyo sababu siku ya kwanza hukuona lolote.

Rangi ya fedha inaongeza ukali wa jambo hili. Ndani yake mna vipande vidogo sana vya alumini vinavyotakiwa kulala bapa vyote ili virudishe mwanga kwa pamoja. Mahali ambapo uso umeingia ndani hata kwa kiasi kisichopimika kwa kidole, mwanga unarudi kwa pembe nyingine, na jicho lako linaona mstari. Gari jeupe lingekuficha aibu hii kwa muda mrefu zaidi.

Sasa utaona kwa nini mkono mwingine wa rangi si jibu. Rangi mpya inakuja na thina mpya. Thina hiyo inapenya, inaingia tena kwenye kingo zilezile, zinavimba, mchoro unapotea kwa siku chache na kila mtu anafurahi, kisha zinanywea tena na mchoro unarudi.

Swali ambalo ningependa umuulize fundi, kwa upole na bila kumshtaki, ni aina ya praima aliyotumia. Katika gereji nyingi za mtaani zipo aina mbili. Ya kwanza ni ile ya NC, yaani ya nitroselulosi, inayochanganywa na thina tu na kukauka kwa sababu thina imeruka. Ni rahisi kwa bei, inakauka upesi, na kwa kazi nyingi za haraka ndiyo inayopendwa. Udhaifu wake ni kwamba hakuna mabadiliko yoyote ya kudumu yanayotokea ndani yake: ilivyokauka kwa thina kutoka, ndivyo inavyolainika thina ikirudi. Inaposhushiwa rangi juu yake, inafunguka na kuipitisha thina moja kwa moja mpaka kwenye puti. Ya pili ni praima ya 2K, yaani ya sehemu mbili, inayokuja na hadina yake, dawa ya kuigandisha, katika kopo la pembeni. Hiyo haikauki tu, bali inaungana kikemia ikawa kitu kimoja ambacho thina haiwezi tena kukiyeyusha. Hiyo ndiyo inayosimama kama ukuta kati ya puti na rangi. Kama praima bado iko wazi kwenye gari, kipimo chake ni chepesi: lowesha kitambaa cheupe kwa thina, kikandamize kwa nusu dakika, kisha futa. Kitambaa kikitoka na rangi ya praima, praima hiyo ni ya NC, au ni ya 2K ambayo haijaiva.

Praima siyo chanzo pekee. Kuna mikwaruzo ya msasa. Puti huchongwa kwanza kwa msasa namba 80 ili ipate umbo, na msasa huo unaacha mifereji mirefu. Fundi mwenye haraka anapiga praima juu yake akitumaini itaijaza. Inaijaza kweli, kwa siku hiyo. Praima iliyojaa ndani ya mfereji ni nene kuliko iliyo juu ya tuta, kwa hiyo inanywea zaidi, na baada ya wiki mbili unaona nyuzinyuzi chini ya klia. Ndiyo maana kutoka namba 80 ni lazima kupita 180, kisha 320, na katika kila hatua kusugua mpaka alama za msasa uliotangulia ziwe zimekwisha, tena kuvuka ukingo wa puti kwa upana wa kiganja.

Kuna pia hadina ya puti yenyewe, ile ya kwenye tyubu ndogo, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu nimeona makosa mengi. Hadina hiyo ina peroksaidi, na kipimo chake cha kawaida ni kama gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti. Kwa asiye na mzani, puti iliyotandazwa duara la upana wa sentimita 10 na unene unaozidi kidogo sentimita 1 inahitaji mstari mmoja wa hadina kutoka ukingo hadi ukingo. Ikiwekwa kidogo mno, puti inabaki laini katikati na kuendelea kusinyaa kwa miezi. Ikizidi, kiasi kisichotumika hakipotei: kinapanda taratibu na kuchafua rangi ya juu, na ndipo watu wanapoona doa la manjano au kahawia kwenye gari jeupe na kudhani ni kutu. Fundi anayetaka puti igande upesi wakati wa baridi huwa anaongeza hadina, na pwani yetu ambako joto halikosekani hana hata sababu hiyo. Joto lenyewe linatosha kuigandisha ndani ya dakika chache.

Mtazame fundi anavyochanganya. Puti ni nyeupe au kijivu, hadina mara nyingi ni nyekundu. Akikoroga kwa duara, hewa inaingia na baadaye utaona vishimo kama vya sindano. Anatakiwa kuikunja na kuikandamiza kwa kikwaruo mpaka iwe na rangi moja bila mstari hata mmoja mwekundu. Na asichanganyie juu ya kipande cha katoni. Najua katoni ipo kila mahali na haigharimu kitu, lakini karatasi yake inanyonya sehemu ya maji ya gundi, na puti inayobaki haina tena uwiano aliokusudia aliyeitengeneza. Kipande cha kioo, bati safi au plastiki ngumu kinatosha, na kinafutika.

Maji nayo ni adui. Msasa wa maji una nafasi yake, lakini nafasi hiyo siyo juu ya puti iliyo wazi. Talki inayomeza thina inameza maji pia, na maji yaliyofungiwa chini ya rangi yanatafuta njia ya kutoka kwa kuinua malengelenge, huku bati likioza kimyakimya. Puti isuguliwe kavu. Wala gari lisilale nje usiku likiwa na puti wazi, kwa sababu umande unatosha kufanya kazi hiyohiyo.

Baada ya hayo, nikwambie jinsi ambavyo ningependa fenda yako ishughulikiwe. Kwanza inyooshwe kwa nyundo na kibao mpaka bonyeo liwe dogo kadiri iwezekanavyo, kwa maana puti ni ya kulainisha, haikukusudiwa kujaza shimo. Mimi sipendi izidi milimita 3, na ikizidi 5 naona kazi ya kunyoosha haijakwisha. Rangi ya zamani iondolewe mpaka bati lionekane kwa upana unaozidi eneo la bonyeo, ili puti yote ikae juu ya bati lililokwaruzwa, au juu ya praima ya epoksi iliyokwisha kukauka na kusuguliwa. Isiwekwe juu ya rangi ya zamani inayong'aa, wala juu ya praima ya NC, wala juu ya ile praima ya asidi inayotumika kulinda bati, kwa sababu asidi yake huizuia puti kuganda sawasawa pale zinapogusana. Kingo za rangi ya zamani zifutwe kwa kitambaa chenye thina kabla ya lolote: zikilainika au kujikunja, gari hilo limewahi kupakwa rangi isiyostahimili thina, na rangi hiyo italeta mchoro hata kama puti haina kosa. Hapo ni heri kuiondoa yote kwenye fenda nzima.

Puti ikishachongwa na kulainishwa kama nilivyoeleza, vishimo vidogo vizibwe kwa puti laini yenye hadina yake, si ile ya kwenye tyubu inayokauka yenyewe, ambayo hunywea kama praima ya NC. Vumbi lipulizwe vizuri kwa kompresa. Kisha ipigwe praima ya 2K, mikono miwili au mitatu ya wastani, kila mkono ukiachwa dakika 10 hivi hadi upoteze ung'aavu wa majimaji kabla ya unaofuata. Mkono wa kwanza ufunike eneo la puti na kulizidi kidogo, na kila unaofuata uende mbali zaidi, ili ukingo wa praima usiangukie juu ya ukingo wa puti. Haraka ya kumwaga mikono mitatu kwa mkupuo ndiyo inayofungia thina ndani, na thina iliyofungiwa itatoka tu, ila itatoka gari likiwa kwako.

Halafu fundi asubiri. Kopo litaandika saa chache, nayo ni kweli kwa maana ya kwamba msasa hautaziba, lakini mimi praima iliyo juu ya puti huiacha ilale usiku mzima, na kama mvua zinanyesha naiacha siku mbili. Gereji nyingi zinashindwa hapa, na si kwa ujinga. Mwenye gari anapiga simu kila baada ya saa, na nafasi ya kuegesha ni ndogo. Ukimwambia fundi mapema kwamba humwekei shinikizo la siku, umemsaidia kuliko ukimwongezea fedha. Baada ya kungoja, praima ipuliziwe vumbi jepesi sana la rangi nyeusi, kisha isuguliwe kwa kibao na msasa namba 400 mpaka 600. Weusi unaobaki unaonyesha mabonde, na pakitokea puti au bati, hapo papigwe praima upya, asipite juu yake na rangi akisema ni padogo.

Rangi yenyewe ipigwe mikono myepesi, kwa thina inayolingana na joto la siku, kivulini. Bati lililokaa juani mchana linaweza kuwa la moto kiasi cha kuunguza kiganja, na klia ikipigwa juu ya bati kama hilo inajenga ngozi juu huku chini bado ni mbichi. Nimeona pia watu wakikausha rangi kwa jiko la mkaa lililosogezwa karibu na mlango. Tafadhali usiruhusu gari lako lifanyiwe hivyo. Mvuke wa thina unashika moto, na kuna watu na mali karibu.

Turudi kwenye mlango wako. Kwanza uache. Ikiwa mchoro umeanza wiki tatu baada ya kazi, huenda bado unaendelea kunywea, na ukiusugua leo utakuwa umelinganisha uso ambao kesho utashuka tena. Uache mwezi mmoja hadi miwili, uoshwe kwa maji na sabuni ya kawaida tu, usipakwe nta. Baada ya hapo kuna njia mbili. Kama mchoro ni hafifu na klia ni ya kutosha, fundi anaweza kuisugua kwa msasa wa maji namba 1500 kisha 2000 na kuing'arisha kwa mashine. Faida yake ni kwamba rangi haiguswi na gharama ni ndogo. Hatari yake ni kwamba mikono miwili ya klia kwa kawaida ina unene wa kama mikroni 50, pungufu ya unywele, kwa hiyo jambo hilo linafanyika mara moja, na akitoboa hadi kwenye rangi ya fedha hakuna kurudi nyuma. Njia ya pili, ambayo kwa maelezo yako ndiyo ningeichagua, ni kusugua mlango mpaka mchoro uishe, kupiga praima ya 2K eneo lote, kungoja, kisha kupaka rangi na klia mlango mzima, huku rangi ya fedha ikififishwa kidogo kuingia mlango wa mbele ili tofauti isionekane. Ile nia njema ya fundi wako ielekeze huku: umwambie akupe kazi yake bure, na wewe ununue praima.

Ipo hali ambayo njia zote mbili hazifai. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, ipitishe mlangoni. Ikishika kwa nguvu pembeni na kuanguka kabisa katikati, puti ni nene mno. Ukiona pia ufa, malengelenge, au ukucha ukibonyeza panaingia, basi usipoteze fedha juu yake. Yote yatolewe mpaka bati. Na kama ajali ilifika kwenye nguzo ya mlango, au mlango unafungwa kwa kusukumwa, au upepo unalia ukiendesha, lipeleke gari kwa fundi mwenye vifaa vya kupimia bodi aliangalie ana kwa ana, maana hapo suala si la rangi tena.

Kuna neno moja kwa ajili ya fundi wako, na nakuomba umfikishie. Hadina ya praima ya 2K na ya klia ina isosianeti, kemikali inayoweza kuleta pumu kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifua, na mwili wake ukishaanza kuikataa, hata kiasi kidogo kinamrudishia pumu hiyo. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii kitu. Anayepulizia kila siku anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na yeyote anayehisi kifua kubana au kukohoa usiku baada ya kupulizia aache kazi hiyo na kwenda hospitali, akimweleza daktari anachopulizia.

Kwa fenda, mwombe fundi akuite ikiwa bado kwenye praima, kabla rangi haijaguswa. Nenda jioni, simama ubavuni, chuchumaa mpaka jicho lako liwe usawa wa bati, utazame mwanga unavyopita. Lowesha fenda kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa praima iliyolowa inang'aa na kuonyesha mapema kile ambacho klia ingekuonyesha baadaye, kisha ikaushwe vizuri. Ukiona mstari pale, mwambie asugue tena, kwa maana hapo bado ni kazi ya nusu saa.